Chungu Kilichoanza

Vyungu thelathini na nane vilipasuka tanurini, na kabla lori halijafika mwanamke mmoja alitakiwa awe ameshafukuzwa.

Tajiri hakusema ni yupi. Alisimama mbele ya mlango wa tanuri, mikono mfukoni, viatu mbali na jivu, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia choo cha watu wengine. Vilikuwa vyungu vya maua, vipana, vya kumfika mtu magotini, vimeagizwa na hoteli. Vilivyopona vilikuwa vimepangwa ukutani. Vingine vyote vilikuwa rundo la vigae vyekundu, bado vya moto.

"Kilianza kimoja," alisema. "Kimoja kikilipuka kinavipiga vingine. Sivyo, Nyapara?"

"Ndivyo, Tajiri."

"Basi nakitaka hicho kimoja. Kila chungu kina alama ya mwenyewe kwenye kitako. Kiungeni, muisome alama, mwenyewe aende zake. Sisi tuendelee."

Wafinyanzi walikuwa wamesimama mstari mmoja, mikono nyuma. Yule waliyemwita Kasuku, kwa sababu hakuweza kukaa na neno mdomoni, akasogea nusu hatua.

"Tajiri, ile mvua ya wiki nzima..."

"Sikuuliza habari za hewa. Redio ninayo nyumbani."

Wanawake wawili watatu wakacheka. Hakikuwa kichekesho, ila kilikuwa cha Tajiri.

Nyapara alitandika turubai katikati ya banda, akaleta vigae kwa koleo, akavimwaga. Wanawake wakapiga magoti kuzunguka turubai. Mama Pacha alichagua pembeni kabisa, na kulia kwake akamkalisha mama mkwe wake. Alimshika kiwiko wakati wa kukaa, kama mtu anayemsaidia mzee mwenye magoti mabovu. Ndivyo walivyofanya kila siku. Magoti ya mama mkwe hayakuwa na ubovu wowote. Macho ndiyo yalikuwa na ukungu, la kushoto lote, la kulia zaidi ya nusu, na Nyapara hakujua. Wanawake wote walijua.

Bandani walimwita Bi Kucha kwa ajili ya alama yake. Kila mfinyanzi alikuwa na yake. Kasuku alichora msalaba. Mama Pacha alitoboa tundu kwa njiti ya kiberiti. Mama mkwe wake alibonyeza kucha tatu za mkono wa kushoto, kwa pamoja, katikati ya kitako kingali kibichi. Alianza kufinyanga kabla Tajiri hajajenga tanuri, na sasa vidole vyake vilifanya kazi bila kuyauliza macho.

Nyumba yao ilikula kwa vigoda viwili vya banda lile, cha mama mkwe na cha mkwe. Mwanamume wa nyumba hiyo, mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, alikuwa kitandani tangu ukingo wa shimo la udongo ulipomporomokea kiunoni. Lilikuwa shimo la Tajiri. Tajiri alileta godoro, akakaa kidogo, akasema pole, na jambo likaishia hapo. Pacha walikuwa shuleni. Kigoda kimoja kikiondoka, nyumba ingekula nusu. Vyote viwili vikiondoka, hilo Mama Pacha hakutaka kulifikiria, maana kazi ya kuunga vigae ilitaka mikono itulie.

Walivitenga kwa unene kwanza, halafu kwa mpindo. Midomo huku, kuta kule, vitako upande wa Nyapara. Vumbi la moto liliwakaa kooni. Kila kitako kilichookotwa, Nyapara alikigeuza na kusoma alama kwa sauti, akakiweka juu ya chungu chake kilichovunjwa vipande vikubwa. Hivyo havikuwa na hatia. Vilipigwa tu. Alichokuwa akikitafuta ni kile kilichokuwa chengachenga.

"Mimi nimeunga chungu chenye midomo miwili," Kasuku alinong'ona. "Kama shemeji yangu."

"Fanya kazi," Nyapara alisema.

"Nafanya, kaka. Mdomo ndio unaoniongoza."

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa akikumbuka rafu za kukaushia.

Juzi yake, mvua ikiwa bado inapiga bati, Nyapara alikuja kusema vyungu vipakiwe tanurini. Bi Kucha alinyanyua kimoja, akakiweka shavuni, kama wanavyofanya wote. Kilichokauka hakina baridi.

"Bado, baba," alisema. "Vina maji ndani."

"Shavu lako ndilo lenye baridi, mama. Ni umri."

"Basi weka lako."

Nyapara alikuwa mchoma tanuri miaka mingi kabla hajapewa filimbi na koti la mvua. Hakuweka shavu. Aliweka kiganja kwenye chungu kilichokuwa karibu, akakiondoa upesi, akakipangusa kwenye suruali. "Lori ni keshokutwa," alisema. "Pakieni."

Vyungu vibichi huanzishiwa moto mdogo, wa moshi tu, mpaka mvuke uishe. Nyapara alikuwa akiwafundisha vijana jambo hilo kwa makofi. Safari hii alitia magogo makubwa mapema jioni, akafunga mlango. Mlio wa kwanza ulisikika kabla wanawake hawajafika nyumbani. Mlio wa pili ukaufuata, na mwingine, na mwingine, huku na huku ndani ya tanuri, kama mahindi kwenye kikaango. Hakuna aliyeweza kusema kimeanza kipi. Labda hata hakikuwepo kilichoanza.

Sasa mkono wa Mama Pacha ulikuwa ndani ya lundo dogo la chengachenga, na vidole vikashika kitu cha duara.

Alikigeuza kidogo tu, karibu na goti lake. Kitako. Katikati yake kucha tatu.

Alikigeuza tena upande wa ndani, pale ukuta unapoanza kupanda, na hapo akaona kitu kingine ambacho Nyapara asingeweza kukisoma. Mashimo ya dole gumba, moja baada ya jingine, na katika kila shimo mstari mwembamba wa kovu. Kovu lile lilikuwa kwenye dole lake yeye, tangu utotoni, la panga.

Akakumbuka siku yenyewe. Alichelewa asubuhi ile kwa sababu mgongo wa mume wake ulikuwa umetoa kidonda kipya na kilitaka kuoshwa. Mama mkwe alitangulia, akafinyanga vitako vya watu wawili ili hesabu ya Nyapara itimie, akavigonga vyote kucha zake, mazoea ya mkono. Mama Pacha alipofika akachukua vitako hivyo, akaviringisha kamba za udongo, akapandisha kuta. Kimoja kilikuwa kimeanza kukauka. Alitakiwa akikwaruze, akipake uji wa udongo, ndipo kamba ya kwanza ishike. Alipaka uji. Kukwaruza hakukumbuka kama alikwaruza.

Kwa hiyo kitako kilikuwa cha mmoja na ukuta wa mwingine, na Tajiri alitaka mmoja.

Nyapara alikuwa amegeuka kumimina koleo la mwisho. Mama Pacha akaingiza kitako ndani ya upindo wa gauni, akakibana kwa paja. Kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana, na moto wa tanuri ulikuwa bado ndani yake.

Mara ya kwanza kilikuwa joto tu. Halafu kikaanza kuuma.

"Hiki hapa," Nyapara alisema. Alichuchumaa mbele yake kabisa, kiasi kwamba Mama Pacha aliona nywele za puani mwake. Nyapara alikuwa akizitazama zile chengachenga. "Hiki ndicho. Tazama, Tajiri. Vingine vimevunjika, hiki kimesagika."

Tajiri akasogea. Aliketi kwenye kigoda cha mtu, akakunja suruali isiguse vumbi. "Kitako?"

"Mama Pacha, kitako."

"Sijakiona, kaka."

"Umekaa nacho toka asubuhi, hujakiona?"

"Vipande ndivyo hivi. Labda kimesagika chote."

"Kitako ndicho kinene kuliko vyote. Hakisagiki." Nyapara alipangua chenga kwa kalamu. Hakuwa na haraka. Mama Pacha alihisi ngozi ya paja ikifanya kitu, ikivutika, kama ngozi ya maziwa juu ya sufuria. Hakusogea. Jasho lilimshuka puani, likadondokea kigae, likakauka palepale.

"Unatoka jasho," Tajiri alisema.

"Vigae vya moto, Tajiri."

"Wenzako hawatoki."

"Mimi natoka," Kasuku alisema. "Mpaka kusikosemeka."

Safari hii hakucheka mtu. Nyapara alisimama, akapuliza filimbi, ingawa wote walikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Inukeni. Mmoja mmoja, anakung'uta nguo. Tunaanza na huku." Akaonyesha upande wa Kasuku.

Wanawake walianza kuinuka. Kasuku alikung'uta gauni lake kwa madaha, mbele na nyuma, akamtupia Mama Pacha jicho moja, akachelewesha kila upindo. Wa pili akakung'uta. Wa tatu alikuwa mjamzito, akasaidiwa kusimama. Mama Pacha alihesabu waliobaki mpaka zamu yake, akahesabu tena, ikatoka idadi ileile.

Bi Kucha hakuinuka. Alikuwa ameokota kigae kimoja kutoka lundo lile lililosagika, kipande cha ukuta cha ukubwa wa kiganja, na alikuwa akipitisha dole gumba upande wa ndani. Alipitisha mara moja, akasimama. Akapitisha tena, polepole, akafuata mstari wa kovu kutoka shimo moja hadi jingine. Uso wake haukubadilika. Aligeuza kichwa kidogo upande wa mkwe wake, akavuta pumzi puani, na Mama Pacha akajua kwamba alikuwa amenusa nguo inaungua.

"Nyapara," Bi Kucha alisema. "Waache hao wakae. Hiki ni changu."

"Kipi?"

"Hiki kilichosagika."

"Umejuaje bila kitako?"

"Baba, wewe ukikuta mkono wako barabarani utataka cheti?"

Kasuku alikohoa. Nyapara alimtazama Tajiri, na Tajiri alimtazama Bi Kucha kwa mara ya kwanza toka alipoingia.

"Mama mtu mzima anakubali," Tajiri alisema. "Sisi ni nani tubishe?"

"Kitako hakipo, Tajiri. Kuna mtu kakificha." Nyapara hakupenda kazi iliyoachwa katikati. Akarudi kuchuchumaa palepale, puani kwa Mama Pacha. "Wewe ndiye unayekaa naye kigoda kwa kigoda. Na nyumbani mnalala paa moja. Ni chake?"

Mama Pacha alipima majibu. Akisema si chake, kungechimbwa, angesimamishwa, kitako kingeanguka na kucha tatu zake, na wangeondoka wote wawili, mmoja kwa alama, mwingine kwa kuficha. Akisema ni changu, angeulizwa tundu la njiti liko wapi. Alipanga maneno mara mbili, na mara zote mbili yalimpeleka mahali pamoja. Paja lilikuwa limeacha kuuma. Hilo lilimtisha zaidi.

"Mama Pacha. Nimeuliza."

"Mjibu, mwanangu," Bi Kucha alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mtu afunge mlango. "Watu wana kazi."

"Chake," Mama Pacha alisema.

Tajiri aliinuka, akajipangusa matako. Alionekana mtu aliyepata nafuu. "Basi. Sina ugomvi na wewe, mama. Ni kazi tu. Lakini vigae hivi havitupwi, vitwangwe viingie kwenye udongo mpya. Uviharibu vyungu vyangu halafu utuachie na takataka? Utavitwanga wewe, vikiisha ndiyo uende."

"Kwa malipo gani?" Kasuku aliuliza.

"Wewe unataka kumsaidia?"

Kasuku alitazama miguu yake.

Bi Kucha aliinuka peke yake, maana Mama Pacha hakuweza kusimama mbele yao na kile kitu pajani. Alipiga hatua tatu nzuri. Ya nne ikanasa kwenye ukingo wa turubai. Akaanguka kwa mikono, akaukwepa mguu wa Nyapara bila kujua upo, akaanza kupapasa akitafuta nguzo upande usio na nguzo.

"Kumbe haoni," Nyapara alisema. Alipunga kalamu mbele ya uso wake. "Tajiri, huyu haoni."

Tajiri alipiga kofi moja, taratibu, kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo. "Sasa nimeelewa vyungu vyangu. Sasa nina neno la kumwambia mwenye hoteli. Tulikuwa na kipofu bandani, tumemtoa." Akamgeukia Nyapara. "Na wewe, mtu anafinyanga hapa miaka yote hiyo, hujui kama ana macho?"

"Alikuwa anashikiliwa, Tajiri. Na huyu."

"Basi huyu atafinyanga hesabu ya wote wawili. Si ndivyo walivyokuwa wakifanya?"

Lori lilikuja mchana. Vyungu vilivyopona vilipakiwa, na vile vyenye nyufa ndogo Nyapara aliviziba kwa jivu na gundi, akavipaka rangi ya matofali, vikapakiwa pia. Dereva alitia sahihi bila kushuka. Wenye hoteli hawakulalamika. Waliagiza vingine.

Jioni, nyumbani, Mama Pacha alichota maji akaenda nyuma ya nyumba. Gauni lilikuwa limegandia kwenye paja na ilibidi alilainishe kwanza. Kitako alikuwa amekitorosha bandani ndani ya ndoo ya udongo. Alikiweka chini, akakitazama, akakitia kwenye shimo la taka na kukifunika.

Mama mkwe alikuwa kwenye kizingiti, akisikiliza pacha wakisoma kwa sauti na mwanawe akiguna kila alipogeuka kitandani.

"Paka asali," alisema. "Usipake mafuta."

"Nini, mama?"

"Hilo ulilonalo. Dole lako lile la kovu unalikandamiza sana. Legeza. Lakini ukuta ulikuwa mzuri, nimeushika. Ulishika vizuri kwenye kitako."

"Sikumbuki kama nilikwaruza."

"Ulikwaruza. Kilikuwa hakijakauka tu."

Mama Pacha alitaka kusema neno, na neno lilelile moja alilolisema mbele ya Nyapara likawa limekaa njiani, hakuna jingine lililoweza kupita.

"Nenda kalale," mama mkwe alisema. "Kesho una watu wawili mikononi."

Walimpa Bi Kucha jiwe la kutwangia, nyundo, na mahali langoni, nje ya paa, ili vumbi lisiingie bandani. Kila asubuhi Mama Pacha alimfikisha pale, sasa bila kujificha, akamwekea vigae upande wa kulia na gunia upande wa kushoto. Kigoda chake ndani kilikaliwa na binti wa dada yake Nyapara, aliyekuwa hajui kuviringisha kamba, na aliyekuwa na adabu sana. Alimwita Mama Pacha shangazi na kumwomba amfundishe. Mama Pacha alimfundisha.

Kutwanga kwataka jicho. Mkono mmoja unashika kigae, mwingine unashusha nyundo. Siku ya kwanza Bi Kucha aliifanya kazi vizuri. Siku ya pili, kabla ya mchana, sauti ya nyundo ilikatika, halafu ikaendelea, polepole. Mama Pacha aliinua kichwa. Nyapara alikuwa amesimama nyuma yake, kwa hiyo akakiinamisha. Wiki iliyofuata ilikatika tena. Alipoenda kumchukua jioni, mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, na mama mkwe akasema tumbaku imeisha, wapitie dukani.

Chenga alizotwanga zilikuwa nene mno. Ziliwakwaruza viganja wote bandani, na Nyapara alikuja kusema huyo bibi hata kuharibu hajui kuharibu vizuri. Ndizo zilizoingia kwenye udongo mpya, na udongo mpya ndio Mama Pacha alioufinyanga, kuta kwa vitako, alfajiri mpaka giza, tundu la njiti kwa kila kimoja. Dole la kovu alililegeza.

Mvua ilirudi kabla vyungu havijamaliza wiki kwenye rafu. Nyapara aliingia na koti lake likidondosha maji.

"Lori ni keshokutwa," alisema. Halafu, kwa kuwa safari hii alitaka kuwa na shahidi, akamtazama Mama Pacha. "Pima."

Mama Pacha alinyanyua chungu kilichokuwa karibu, akakiweka shavuni. Kilikuwa na baridi kama tumbo la chura. Alikiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nje, langoni, nyundo ilikuwa ikipiga, ikisimama, ikipiga.

"Vimekauka?" Nyapara aliuliza.

Kasuku alikuwa akimtazama. Binti wa kigoda cha pili alikuwa akimtazama, ajifunze.

"Vimekauka," alisema.

Vilipakiwa. Na hesabu ya ule mzigo wa kwanza, ukitoa vyungu thelathini na nane ambavyo Tajiri alivipata tena kwenye udongo, ilikuwa hivi: kigoda kimoja. Ngozi ya paja, upana wa kitako. Neno moja. Na kucha mbili za mkono wa kushoto wa Bi Kucha, ya shahada na ya kati, zilizotoka na nyama yake na hazikuota tena. Ya tatu ilibaki.